Mizinga Kumi na Miwili Kando ya Mto

Itangazwe kwa wote wenye masikio, na hata kwa kidato cha kwanza ambao bado haijathibitishwa kuwa wanayo, kwamba Jumamosi hiyo, saa nane kamili mchana, ndani ya bwalo kuu la shule, Vita Vikuu vya Tatu vya Dunia vingepiganwa, na vingemalizika kabla ya chai ya saa kumi.

Vilichelewa dakika arobaini. Mpishi alikuwa bado anakwangua sufuria iliyoungua, na bwalo zima lilinuka moshi na sabuni ya unga.

Mada ilikuwa ubaoni, kwa chaki ya mwalimu wa historia, mwenyekiti wa mdahalo, ambaye mwandiko wake ulipanda mlima kila ulipokaribia mwisho wa mstari: "Pigano gani la zama hizi lilikuwa la kutisha kuliko yote?" Kila msemaji angechagua moja na kulitetea kwa dakika saba, kisha ukumbi upige kura kwa kunyoosha mikono. Wageni walikuwa wasichana wa shule ya jirani, walioketi mstari wa mbele na sketi zilizopigwa pasi hadi zingeweza kukata mkate. Wenyeji walikuwa wavulana mia tatu ambao, kwa heshima ya wageni, walikuwa wameoga.

Msemaji wa mwisho wa wenyeji alikuwa Wakili.

Hakuwa wakili. Alikuwa mwanafunzi wa kidato cha nne, miaka kumi na saba, na jina hilo alipewa bwenini kwa sababu aliweza kumshawishi mtu aliyeibiwa kiatu kwamba hakuwahi kuwa na mguu wa upande huo. Kipaji hicho kilikuwa kimemfikisha pabaya. Mwezi uliopita alibandika tangazo lenye sahihi ya Mkuu wa shule, iliyoigwa vizuri kuliko sahihi yenyewe, likiarifu kwamba mkaguzi wa elimu angewasili kwa helikopta. Shule nzima ilisimama uwanjani na tai shingoni kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nne, ikitazama mawingu. Mkuu mwenyewe alisimama mbele akiwa ameshika hotuba.

"Hilo la helikopta ni kosa la tatu," Mkuu alimwambia ofisini, akisukuma barua ya onyo la mwisho juu ya meza. "Sasa nisikilize. Kusema unajua. Wageni wanakuja na sina msemaji mwingine. Ukisimama siku hiyo ukaleta hoja ya kweli, uliyoitafuta mwenyewe, ukashinda, barua hii naichana mbele yako. Ukileta mzaha au uongo, Jumapili asubuhi funga sanduku."

Nakala ya barua ilikwisha kumfikia mama yake, fundi cherehani asiyependa kupoteza uzi wala maneno. Alipiga simu ofisini, akaomba apewe mwanawe.

"Ukirudi kabla ya mtihani, mwanangu, usishukie kwangu. Shukia kwa mjomba wako."

Mjomba alikuwa msimamizi wa machinjio. Wakili aliwahi kufanya kazi huko likizo moja, wiki tatu tu, na hakuhitaji kuelezwa. Ng'ombe huingizwa kwenye korido ya zege, macho yamemtoka. Hupigwa cha utosi, magoti yanakunjika, mnyororo unafungwa mguu wa nyuma, anapandishwa kichwa chini huku ngozi bado inatetemeka. Kisu kinapita shingoni mara moja, na damu inatoka kwa kishindo kama bomba lililopasuka. Kazi yake Wakili ilikuwa kuisukuma damu hiyo kwa brashi ndefu hadi mferejini kabla haijaganda. Ikiganda, huondolewa kwa koleo. Siku ya kwanza alitapika ndani ya buti lake, na mjomba akamwambia alimwage hilo tapishi aendelee, ng'ombe wengine wanangoja.

Basi mtu angedhani alisoma. Alipewa vitabu vitatu na wiki mbili, na kwa wiki mbili vitabu hivyo vilimsaidia kuinua mguu mfupi wa kitanda. Zilipobaki siku tatu, akafanya jambo ambalo kila mwanafunzi wa bweni hulijua: akachovya kipimajoto kwenye kikombe cha chai. Muuguzi wa zahanati ya shule akasoma nyuzi arobaini na moja, akamtazama usoni, akapima upya. Chai ilikuwa bado karibu. Akapewa kitanda cha pili.

Kwenye kitanda cha kwanza alilala Sajini.

Sajini alikuwa mtunza stoo, mzee mrefu, mkavu, mwenye shada la funguo kiunoni, mtoaji wa majembe, magodoro na mabenchi. Ilijulikana kwamba aliwahi kuwa askari. Wapi na lini, hakuna aliyejua. Aliitwa Sajini, akaitika, basi. Malaria yake haikuwa ya kikombe cha chai. Alitetemeka hadi kitanda kikatembea sakafuni, na mchana kweupe akaanza kuweweseka kwa sauti ambayo haikuwa yake, sauti ya kijana.

"Naona mizinga kumi na miwili," alisema. "Kando ya mto. Imefunikwa majani. Narudia, kumi na miwili, kando ya mto." Kisha akashika chuma cha kitanda. "Jamani, mbona wanapiga? Acheni. Acheni, kuna watu bado."

Wakili akatoa kalamu chini ya godoro.

Mdahalo ulipoanza hatimaye, msichana wa kwanza alileta Verdun. Miezi kumi, alisema, majeshi mawili yaligombania vilima vile vile, hata waliozikwa Machi wakafukuliwa na makombora ya Aprili na kutupwa juu ya walio hai. Mvulana wa kidato cha tatu akaleta Stalingrad, mji uliopiganiwa chumba kwa chumba, hawa wakiwa jikoni na wale wakiwa ukumbini, watu wakipasuana mafuvu kwa sepetu kwa sababu nafasi ya kuinua bunduki hakuna. Ukumbi ulipiga meza. Kila maiti ilipoongezwa, meza zilipigwa zaidi, kama vile timu ya nyumbani imefunga bao.

Kisha akasimama Kamusi, msemaji wa mwisho wa wageni. Ndivyo wenzake walivyomwita, kwa sababu hakuna aliyekosea neno mbele yake akatoka salama. Alikuwa mfupi, mpole, wa kutisha.

"Somme," alisema. "Tarehe mosi Julai, mwaka 1916. Mizinga ya Waingereza ilipiga wiki nzima ili kukata seng'enge za adui. Askari wakaambiwa watoke mahandakini watembee, wasikimbie, kwani ng'ambo hapana aliyebaki hai. Seng'enge hazikukatika. Walionasa walining'inia kama nguo kwenye kamba, bunduki za rashasha zikiwapitia kiunoni kutoka kushoto kwenda kulia. Kufikia jioni, upande wa Waingereza peke yake, waliouawa, kujeruhiwa au kupotea walikuwa elfu hamsini na saba. Waliokufa kati yao, zaidi ya elfu kumi na tisa. Siku moja, waheshimiwa. Mimi nimemaliza."

Meza zilipigwa hadi kijiko kikaanguka jikoni. Mkuu wa shule, kwenye kiti chake cha pembeni, alimgeukia Wakili na kumtazama kwa namna ya daktari anayeulizia ndugu wa mgonjwa.

Wakili akapanda jukwaani. Akakohoa kwa heshima zote za mazishi ya kitaifa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti. Lugha yetu ni lugha yenye adabu. Ina kitu na vitu, kisu na visu, kiatu na viatu. Lakini haina kita. Ina vita tu, tena kwa wingi, kwa sababu kimoja hakijawahi kumtosha binadamu."

Ukumbi ukacheka. Kamusi hakucheka, ila alinyanyua kichwa.

"Wenzangu wamewaletea mapigano ya vitabuni. Mimi nawaletea lile ambalo vitabu vimeogopa kulitaja. Pigano la Mizinga Kumi na Miwili."

Akawapa. Mizinga kumi na miwili ilifichwa kando ya mto chini ya majani, alisema, na jeshi zima likaja kuvuka bila kujua, likiimba. Mzinga wa kwanza ulipofyatuka, safu ya mbele ilibaki miguu. Miguu ilisimama kidogo ndani ya buti, kama inayojiuliza mwenyewe amekwenda wapi, kisha ikaanguka. Waliokimbilia majini walichemka. Waliokimbilia mitini walikutwa matawini, mmoja akining'inia kichwa chini kwa mguu wa nyuma, ngozi yake bado inatetemeka, damu ikimtoka shingoni kwa kishindo kama bomba lililopasuka. Damu ilijaa hadi ikabidi isukumwe kwa brashi kwenye mfereji, upesi, kabla haijaganda, maana ikiganda huondolewa kwa koleo.

Wavulana wa nyuma walisimama juu ya mabenchi. Kidato cha kwanza mmoja aliomba ruhusa ya kutoka, akanyimwa.

"Waliokufa," alimalizia Wakili kwa upole, "elfu arobaini. Kwa nusu saa."

"Taarifa, Mwenyekiti," alisema Kamusi.

"Taarifa," alikubali mwalimu wa historia, ambaye uso wake ulikuwa umeanza kufanana na mtu anayetafuta funguo mifukoni.

"Mheshimiwa ametuambia mtu alining'inia kwa mguu wa nyuma. Binadamu ana mguu wa nyuma?"

"Akikimbia, anao."

Vicheko.

"Ametuambia pia damu ilisukumwa kwa brashi. Ni jeshi gani linalokwenda vitani na brashi ya sakafu?"

"Jeshi safi, dada yangu."

Vicheko vikubwa zaidi. Kamusi alisubiri vipungue, kwa subira ya paka.

"Mwaka gani?"

"Mwaka wa mafuriko."

"Mto gani?"

"Mto wenyewe ulibadilishwa jina, kwa aibu."

"Chanzo," mwalimu wa historia akaingilia. "Kijana, nimesoma historia miaka ishirini na sita. Pigano hili sijapata kulisikia. Umelitoa wapi?"

Mkuu wa shule aliinama mbele, viwiko magotini. Wakili aliona mlango wa machinjio ukifunguka, akasikia mnyororo. Lakini bado alikuwa na karata moja, na ilikuwa nzuri.

"Kwa shahidi aliyeona kwa macho yake, Mwalimu. Ameomba jina lake lihifadhiwe. Maneno yake ninayo neno kwa neno."

Akashika meza kwa mikono miwili. Akaanza kutetemeka, akaigeuza sauti yake ikawa ya mtu mwenye homa, mdomo mkavu, macho juu darini. Alikuwa hodari wa kuiga, hilo hakuna atakayemnyima.

"Naona mizinga kumi na miwili. Kando ya mto. Imefunikwa majani. Narudia, kumi na miwili, kando ya mto. Jamani, mbona wanapiga? Acheni, kuna watu bado."

Bwalo lililipuka. Meza, mabenchi, miguu, miluzi. Na ndani ya kelele hizo funguo zikasikika, kwa sababu aliyezivaa alikuwa anakuja mbele kupitia katikati ya safu, na kila safu aliyoipita ilinyamaza.

Sajini alikuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo, akingoja mdahalo uishe arudishe mabenchi stoo. Bado alikuwa amekonda kwa ugonjwa. Alisimama chini ya jukwaa, akavua kofia, akaigeukia meza ya Mwenyekiti.

"Shikamoo, Mzee," alisema mwalimu wa historia.

"Marahaba. Waliokufa si elfu arobaini, Mwalimu. Walikuwa tisa."

Mtu alicheka huko nyuma, akapigwa kiwiko.

"Na mizinga hiyo haikumpiga mtu," alisema Sajini. "Ilikuwa mizinga ya nyuki."

Hakuna aliyepiga meza.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mtu wa redio. Nikawekwa peke yangu juu ya kilima, nitazame ng'ambo ya mto niseme ninachoona. Siku nne. Kila saa wananiuliza, unaona nini, nawajibu, majani. Mimi nilikuwa mtu wa mzaha, kama huyu." Hakumtazama Wakili alipolisema. "Siku ya nne nikaona magogo yametundikwa mitini. Mizinga kumi na miwili, na warina asali wamefika na moshi wao. Familia moja. Redio ikauliza, unaona nini. Nikajibu hivyo hivyo alivyosema. Nilitaka washtuke kidogo, halafu niwaambie ni ya nyuki, tucheke wote."

"Hukuwaambia?" aliuliza Mwalimu.

"Niliwaambia. Lakini ukishatamka mizinga kwenye redio, upande wa pili hawangoji sentensi iishe. Walikuwa wamehamia masafa ya wapiga mizinga. Nikapiga kelele kwenye chombo kinachovuma tu, huku makombora yanapita juu ya kichwa changu. Nikashuka mbio. Wa kwanza alikuwa ameketi, kaegemea mti, hana taya, ananitazama. Wa pili alikuwa mwanamke. Mkono wake ulikuwa bado umeshika chombo cha kufukizia moshi. Mkono na chombo, mengine sikuyaona. Watoto walikuwa wawili, nao walikuwa pamoja."

Alikunja kofia, akaikunjua.

"Watano walikuwa hai. Nyuki wamewafunika. Mizinga yote imepasuka, asali inaungua, nyuki wana hasira, na wale waliolala pale hawana mikono ya kujipangusia. Nilijaribu kuwavuta mara tatu, mara tatu nikafukuzwa hadi majini. Ya nne sikujaribu. Nilikaa ndani ya mto, pua tu nje, nikawasikiliza. Mmoja alimwita mama yake hadi jua likageuka. Mama yake ndiye yule mwenye chombo cha moshi."

Jikoni mpishi alikuwa ameacha kukwangua.

"Taarifa ya jeshi ikasema mizinga kumi na miwili ya adui imeteketezwa. Nikapandishwa cheo. Ndiyo hiyo Sajini mnayoniita kila siku mkija kuomba godoro."

Kamusi, aliyekuwa amesimama muda wote na kidole kwenye karatasi yake, aliketi. Alifunika karatasi kwa kiganja, kana kwamba zile elfu hamsini na saba zingeweza kuruka nje zikamsumbua mzee.

Mwalimu wa historia alifuta miwani iliyokuwa safi. "Kwa hiyo," alisema pole pole, "tukio ni la kweli."

"Ni la kweli. Ila sijamsimulia mtu. Mke wangu amekufa hajui. Nataka huyu kijana aniambie kalisikia wapi."

Vichwa mia tatu na zaidi viligeukia jukwaani. Na hapo Mkuu wa shule, ambaye katika moyo wake wa kiofisi alikuwa na huruma iliyohifadhiwa mahali salama, alimtupia Wakili kamba.

"Huenda ulimhoji Sajini alipokuwa mgonjwa," alisema. "Mlikuwa wote zahanati. Mtu mwenye homa husahau. Kama alikusimulia mwenyewe, nawe ukatia chumvi kidogo kwa msisimko wa ujana, basi hoja uliitafuta. Hiyo naweza kuihesabu. Alikusimulia?"

Kamba nene namna hiyo Wakili hakuwa amewahi kutupiwa. Neno moja tu, ndiyo, na barua ingechanwa, mama angepumua, mjomba angebaki na brashi yake. Uongo wenyewe ulikwisha kujipanga mdomoni, umechana nywele: alisimulia, Mkuu, tena kwa kirefu, alinishika mkono akilia. Sajini angebisha nini? Angesimama pale ajiulize kama kweli homa ilimfungua kinywa, na swali hilo angekwenda nalo stoo, alale nalo, aamke nalo.

Wakili akafungua kinywa. Kikatoka kitu kingine, chembamba.

"Hakunisimulia."

"Sema watu wasikie," alisema Mkuu.

"Hakunisimulia, Mkuu. Alikuwa anaweweseka. Mimi sikuwa na homa. Nilichovya kipimajoto kwenye chai ili nisije hapa leo. Nikamsikia, nikaandika. Hayo mengine ni ya machinjioni kwa mjomba. Damu ni ya ng'ombe. Brashi ni yangu."

Mkuu aliegemea kiti. Wakili alijua Jumapili yake imekwisha kupangwa. Ajabu ni kwamba hakuwa anamtazama Mkuu. Alishuka jukwaani, ngazi mbili, akasimama mbele ya mtunza stoo, na kwa karibu akaona kwamba shingo ya mzee, upande wa nyuma ambao kwa kawaida hufichwa na kola, ilikuwa na vidoa vidogo vingi vya miiba, vilivyokauka zamani.

"Uliandika," alisema Sajini.

"Niliandika, Mzee."

"Ulinisikia nikilia?"

"Nilikusikia."

Sajini alivaa kofia yake, akaiweka sawa, kama mtu anayejiandaa kupokea amri.

"Ulicheka?"

Bwenini angejibu jibu lenye pembe tatu. Hapa hakuwa na hata moja.

"Nilicheka, Mzee. Niliziba mdomo kwa shuka usinisikie. Halafu nikangoja uanze tena."